Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: tuondolee marehemu wetu kwenye bango lako

Mheshimiwa,

Salamu kwako na kwa nyumba yako. Jina lako sitaliandika hapa, maana barua hii sijaiandika kukuharibia kura, na tena wewe mwenyewe unajijua na watu wa Mbale, hapa mashariki mwa Uganda, wanakujua, sura yako iko kila nguzo. Nilianza kwa njia ya heshima. Nilifika kwenye ofisi yako ya kampeni nikaambiwa nikae kwenye benchi, nikakaa, baadaye nikapewa namba ya kijana mmoja, kijana akasema mtumie ujumbe WhatsApp, nikautuma pamoja na picha yenyewe, tiki za buluu zikaja, jibu halikuja. Basi naandika hapa ambapo kila mtu anasoma, na wewe kama husomi mwenyewe utasomewa.

Nazungumzia lile bango kubwa la barabarani, na ile video inayoonyeshwa kwenye skrini ya lori lako la muziki.

Kwenye bango kuna mama amejifunga lesu, matope yamemfika magotini, mtoto yuko mgongoni. Nyuma yake vijana wamebeba mwili juu ya miti miwili iliyofungwa kamba, mwili umefunikwa blanketi. Upande wa kulia uko wewe, suti, unatabasamu, mkono uko juu. Chini imeandikwa kwamba ulikuwa nasi kwenye machozi, kwa hiyo tuwe nawe kwenye kura.

Huyo mama ni dada yangu. Mtoto aliye mgongoni ni mpwa wangu. Aliye chini ya blanketi ni shemeji yangu, baba wa huyo mtoto. Picha ilipigwa Bukalasi, huko Bududa kwenye miteremko ya mlima Elgon, Oktoba 2018. Tarehe 11 mwezi huo mlima ulikatika, mawe na udongo vikaingia mto Suume, mto ukashuka na kila kitu, nyumba, mifugo, watu, waliokufa walizidi 40. Wengine tuliwapata mbali sana chini huko, wengine hatukuwapata kabisa. Shemeji alipatikana, na sisi tulimshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu kuna majirani mpaka leo hawana kaburi.

Mtoto huyo sasa yuko darasa la pili. Nyumbani tulikubaliana, mimi na dada na mama yetu, kwamba picha za siku zile hataziona mpaka akue. Kwamba baba yake alikufa kwenye maporomoko anajua, hilo hatujamficha. Lakini baba anayemjua ni yule wa kwenye picha ya arusi, amevaa koti limemzidi mabega, amemshika mama mkono. Sasa wiki iliyopita wanatoka sokoni wamesimama kungoja bodaboda, mtoto akaangalia juu akasema mama, yule si wewe? Aliijua lesu, kwa sababu dada bado anayo na bado anaivaa. Halafu akauliza huyo mtoto ni mimi? Halafu akauliza wale wamebeba nini. Dada akanyamaza. Pale steji wanamjua, mmoja akageuza uso, mwingine kwa ujinga wake akasema si ni baba yako huyo. Ndivyo mtoto alivyojua. Kitu tulichokuwa tumekiwekea wakati wake, tungekaa naye chini, bibi yake angekuwepo, umekuja wewe ukatuamulia, pale barabarani, boda zinapiga honi. Usiku ule hakulala. Tangu siku hiyo anauliza maswali ambayo mama yake hawezi kuyajibu bila kulia, na ananipigia simu mimi mjomba wake, na mimi nami sina jibu.

Na haikuishia hapo. Dada anauza vitunguu sokoni, ndicho kinacholisha nyumba ile. Siku hizi anazunguka njia ya nyuma asipite kwenye lile bango, amebeba gunia kichwani njia ndefu kwa sababu yako. Wateja wanamuuliza amelipwa ngapi. Watu wa upande wa shemeji wameanza kusema ameuza mwili wa mtoto wao kwa wanasiasa, kuna mzee wa ukoo ametuma ujumbe kwamba hiyo pesa igawanywe. Pesa gani Mheshimiwa? Hakuna aliyemuuliza. Hakuna aliyebisha hodi mlangoni kwake kusema mama, tunaomba tuitumie picha yako. Hata chumvi ile mnayogawa kwenye mikutano yeye hajapewa, na hata angepewa asingeichukua.

Nimejiuliza picha mliitoa wapi. Nadhani ni ya yule kijana wa kamera kubwa aliyekuja na msafara wako. Ulikuja, hilo nakubali na sitaki kukunyima. Magari yako yaliachwa chini kwa sababu njia ilikuwa imekatika, ukapanda kwa miguu na gambuti zako mpya, ukaleta unga wa posho na maharage na mablanketi, ukasimama juu ya jiwe ukaongea. Sisi tulidhani yule kijana ni mtu wa magazeti. Ulisema mayatima wote watasomeshwa. Msaidizi wako akakaa chini ya mgomba na kaunta buku akaandika majina, watu wakapanga foleni na matope yao mwilini, dada akaandikisha jina la mtoto ambaye alikuwa bado ananyonya. Ile kaunta buku iko wapi leo? Maana karo ya muhula huu nimelipa mimi, na ya muhula uliopita dada alikopa kwenye kikundi. Majina yamepotea ila picha imetunzwa vizuri, miaka saba hata haijafifia.

Kijana wako mmoja aliniambia pale ofisini, wakati nasubiri, kwamba picha iko mtandaoni siku nyingi, ni ya kila mtu. Mimi si wakili lakini nchi hii ina sheria ya kulinda taarifa binafsi za watu, ya mwaka 2019, na taarifa za mtoto mdogo zinalindwa zaidi, anatakiwa mzazi akubali kwanza. Na Katiba yenyewe inataja faragha na utu wa mtu. Marehemu hawezi kukushtaki, sawa, lakini dada yangu yuko hai, na mtoto yuko hai anasoma P.2. Hata sheria isingekuwepo, Mheshimiwa, wewe ni mzazi. Fikiria ni mama yako amebebwa hivyo halafu mtu mwingine anatabasamu pembeni anaomba kura.

Najua si wewe uliyeanza. Uchaguzi wa 1996, kampeni ya Mzee Museveni ilitoa matangazo yenye mafuvu ya watu waliouawa Luwero kwenye vita ya msituni, kwa sababu mpinzani wake Ssemogerere alikuwa ameungana na watu wa UPC, chama cha rais wa zamani Obote, na watu wa Museveni walitaka nchi ikumbuke enzi za Obote. Mafuvu yale tangu vita iishe 1986 yalikuwa yamepangwa kando ya barabara kwenye meza, wasafiri wanayaona. Vita ilikuwa kweli, waliokufa walikufa kweli, na waliokufa wana haki ya kukumbukwa. Lakini kila fuvu lilikuwa la mtoto wa mtu, na sijawahi kusikia kwamba kuna mama wa Luwero aliulizwa kama anakubali mwanawe aingie kwenye kampeni. Na sisi wananchi tulizoea. Nadhani ndipo tulipopotelea, tulizoea mapema mno kwamba maiti ikishakuwa ya taifa haina tena ndugu. Kampala tarehe 11 Julai 2010, mabomu ya Kyadondo na Kabalagala, watu zaidi ya 70 waliokwenda kuangalia fainali ya Kombe la Dunia, picha za miili katikati ya viti vya plastiki zilizunguka kwenye simu mpaka tukachoka kuzifuta.

Na wenzetu wakubwa pia wamefanya. Marekani mwaka 2004, Machi, kampeni ya George W. Bush ilianza matangazo ya televisheni yenye mabaki ya yale majengo ya New York yaliyoangushwa tarehe 11 Septemba 2001, na wazimamoto wamebeba mtu aliyefunikwa bendera. Watu karibu 3,000 walikufa siku ile. Baadhi ya familia zikasimama zikasema ondoa, hawa ni watu wetu, na chama cha wazimamoto kikasema hivyohivyo. Ni kweli chama hicho kilikuwa upande wa Kerry, mpinzani wa Bush, na kuna familia nyingine ziliona matangazo ni sawa tu. Watu wa Bush walijitetea kwamba tukio lile ndilo lililoubeba urais wake, haliwezi kuachwa nje ya kampeni. Nimelifikiria sana hilo jibu kwa sababu lina ukweli ndani yake. Kiongozi aulizwe alifanya nini wakati wa msiba, aulizwe kwa nguvu kabisa. Lakini kueleza ulichofanya ni maneno yako na kazi yako, hayo yalete jukwaani. Mwili wa shemeji yangu si kazi yako.

Kama unataka maporomoko yawe hoja ya kampeni, mimi nitakuwa wa kwanza kufika mkutanoni. Tueleze. Nametsi, hukohuko Bududa, Machi 2010, kijiji kizima kilifunikwa pamoja na kituo cha afya, mamia wakafa, waliobaki wakapelekwa Kiryandongo, mbali na kaburi la kila mtu wao. Baada ya 2018 zikajengwa nyumba Bunambutye, wengine wamehamia, wengine wamerudi mlimani kwa sababu kule ni tambarare na jua kali, na mtu aliyezaliwa kwenye kahawa na migomba ya mlimani hajui aanzie wapi. Julai 2022 ikawa zamu yetu hapa mjini, mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika usiku. Novemba 2024 Bulambuli, Masugu na vijiji vya jirani, tena watu usingizini. Kwa nini mlima unakatika wengine wanasema ni miti iliyokatwa, wengine wanasema watu tumekuwa wengi tunalima mpaka kwenye miinuko isiyolimika, wengine wanasema mvua zimebadilika, mimi nadhani ni vyote kwa pamoja na mwenye kujua zaidi atueleze. Kuna nyufa juu huko wazee wanazijua moja moja. Nani anakwenda kuzipima? Wanaotakiwa kuhama watahamia wapi, na lini, na kwa ardhi ya nani? Hapo hatuhitaji kuona maiti hata moja.

Sipingi picha zenyewe, naomba hilo lieleweke. Waandishi wanapiga, na ni kazi yao. Watu wa Msalaba Mwekundu wanapiga, na Bulambuli ilipotokea picha zao ndizo zilizofanya watu wa Jinja, wa Kampala, na walioko nje kutuma nguo na unga. Picha ile ilikuwa inamwombea aliyepatwa. Sasa ikishakuwa inamwombea mgombea, unajua nini kitatokea? Mlima ukikatika tena, na utakatika, watu watafukuza kila mwenye kamera. Nimeshawasikia sokoni. Mama mmoja alimwambia dada, mimi yakinikuta nitajifunika uso kwanza ndipo nichimbe. Nilipolisikia neno hilo ndipo nilipoamua kuandika.

Unaweza kusema tunatumwa na mpinzani wako. Hatujatumwa. Dada yangu alikupigia kura mara ya mwisho, na shemeji angekuwepo angekupigia pia, alikuwa mtu wako, alikuwa na fulana yako alikuwa anaivaa shambani.

Sikudai karo, ingawa uliahidi. Sikudai fidia wala kuombwa radhi mbele ya watu, ingawa dada kuambiwa pole na wewe mwenyewe kungemsaidia kwa wale wanaosema ameuza. Leo nadai moja tu. Bango lishushwe, na ile sehemu ya video itolewe. Kampeni bado ipo mpaka Januari, una picha nyingine nyingi, una barabara ulizofungua na shule ulizotembelea, weka hizo. Watu wako wa mabango wana ngazi na pikipiki, ni kazi ya asubuhi moja. Kama unahofia pesa ya kuchapisha upya, niambie, tutachangishana sokoni tukulipie bango jingine, la sura yako peke yako.

Shule inafunguliwa Jumatatu na njia ya mtoto inapita palepale. Namba yangu kijana wako anayo kwenye WhatsApp. Lishushe kabla ya Jumatatu, Mheshimiwa.

Ni mimi,
mjomba wa mtoto aliye mgongoni,
Mbale