Mtunza njia za msitu apewe mamlaka, si jembe pekee

Mhariri,

Tafadhali nipe nafasi katika gazeti lako nichangie suala la utunzaji wa misitu, hasa upande wake ambao hauna sherehe wala mgeni rasmi. Serikali ya Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na mara mbili, Novemba 13, 2023 na Mei 10, 2024, nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miche. Sina ugomvi na lengo hilo. Ninalolalamikia ni kwamba vyama vingi vya jamii, ambavyo ndivyo hubaki na msitu wageni wakishapanda magari yao, hutenga fedha za miche na fulana bila kutenga fungu lolote la ardhi yenyewe na njia zinazopita humo. Na panapopatikana mtu wa kazi hiyo, aghalabu ni kibarua wa msimu asiye na usemi popote.

Nayasema haya nikiwa msimamizi wa ardhi na njia katika chama kimoja cha aina hiyo, kinachotunza msitu mdogo kaunti ya Kiambu. Wengi hudhani kazi yangu ni kufyeka nyasi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni kushindana na maji. Njia iliyochongwa moja kwa moja kuteremka mlima hugeuka mfereji katika msimu mmoja wa mvua, kwa sababu maji hayana pa kutokea ila kuifuata hadi chini, yakizidi kasi na kubeba udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba, mpaka mtoni. Kanuni tunayoifuata ni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima inakopita: ikiwa mlima unashuka mita 20 katika kila mita 100, njia isishuke zaidi ya mita 10, yaani ikate mlima kwa ubavu. Ukingo wake wa chini nao huachwa ukiinama kidogo ili maji yavuke njia na kuishia kwenye majani. Kosa linaloonekana kila mahali ni fundi kurundika udongo kwenye ukingo huo, akidhani anawakinga wapitaji wasiteleze, kumbe ameyafungia maji ndani. Dawa yake ni sururu, jembe na siku nzima ya kulichimbua tuta hilo, na sijawahi kuona kampuni ikileta wafanyakazi wake Jumamosi kwa kazi hiyo.

Miche nayo hutegemea kazi hii hii. Ukipanda mti wa kienyeji katikati ya lantana, kichaka cha kigeni kinachovamia misitu, bila kuing'oa lantana na mizizi yake, unapoteza mche, maana kichaka kilichokatwa kwa panga huchipua upya na kuufunika mti kabla haujafika kiunoni.

Faida ya kutunza ardhi na njia iko wazi katika Msitu wa Karura jijini Nairobi, wenye ukubwa wa hekta zipatazo 1,000. Tunakumbuka, na ni haki tukumbuke, jinsi Profesa Wangari Maathai na wenzake walivyopigwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miti kupinga ardhi hiyo kugawiwa wajenzi. Hata hivyo, kuokolewa kwa ardhi hakukutosha kuwarudisha watu ndani, kwa kuwa kwa miaka mingi msitu huo uliogopwa kwa ujambazi. Walirudi baada ya chama cha jamii cha Friends of Karura kuanzishwa mwaka 2009 na kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu: ua wa umeme ukazungushwa, walinzi wakaajiriwa kutoka mtaa jirani wa Huruma, njia zikasafishwa na makutano yake yakapewa nambari. Nambari hizo ni jambo dogo lenye akili kubwa. Aliyeteguka kifundo cha mguu katikati ya miti inayofanana hahitaji kueleza alipo. Anasoma nambari kwenye nguzo na kuitaja kwa simu.

Kinachokosekana katika vyama vingi ni mamlaka ya kufunga njia. Mvua ya masika ikishika, udongo wetu mwekundu huwa utelezi, na anayepita huliepa tope kwa kukanyaga majani kando, anayemfuata huliepa zaidi, hata njia ya upana wa mita moja ikawa ya mita tatu na mizizi ya miti ikabaki wazi. Kuifunga kwa wiki mbili kungeiponya. Lakini Jumamosi kuna ziara ya shule, Jumapili kuna waendesha baiskeli, wote wamelipa ada, na msimamizi huambiwa asubiri kikao cha kamati, ambacho hukutana mvua ikiwa imekwisha kufanya yake.

Kuna pia suala la nani huajiriwa. Matangazo ya nafasi hizi hudai shahada na ujuzi wa kompyuta, nami sidharau elimu, ila mara nyingi waliotuonyesha maji yanapoibukia ni akina mama wanaookota kuni humo tangu utotoni. Mwenye shahada angefaa apewe mmoja wao awe mwenzake kwa mshahara wa mwaka mzima, badala ya kuwaita kama vibarua panapokuwa na mfadhili.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inaviruhusu vyama vya jamii kutia saini mikataba ya usimamizi na Shirika la Huduma za Misitu. Naomba wanaoiandaa mikataba hiyo waandike bayana ni nani anayeweza kufunga njia bila kusubiri kikao, na ni sehemu gani ya ada ya langoni itakayobaki kwa kazi ya ardhi na njia, kisha kiwango hicho kibandikwe langoni, mahali ambapo mlipaji atakisoma kabla ya kutoa pesa zake.

Msimamizi wa njia,
Kiambu