Mbona mumenitoza kwa kumtazama farasi aliyelala?

Wiki iliyopita mteja mmoja wa pwani ya mashariki alituuliza hivyo sisi madaktari wa mifugo, akaondoka akiamini tumemuibia. Si wa kwanza. Tulimhasi dume lake, kisu kikamaliza kazi haraka, naye akahesabu muda wa kisu tu. Saa 2 tulizokaa kichwani pa farasi, macho yake tumeyafunika kitambaa, aliziona za bure.

Farasi wa kilo 400 haamki kama mbuzi. Akizinduka hukurupuka kusimama kabla miguu haijapata nguvu. Hata kwenye hospitali kubwa za Ulaya, karibu farasi 1 katika 100 wanaopewa nusukaputi hufa, na kuvunjika mguu wakati wa kuamka ni moja ya sababu kubwa.

Wengine hutwambia: "Pigeni ile sindano moja ya zamani, rahisi." Wanakusudia thaiopentali, dawa ya usingizi ya jamii ya babiturati. Tunaijua, tumeitumia. Humlaza mnyama ndani ya nusu dakika hivi, lakini haiondoi maumivu, na ikipigwa peke yake farasi huanguka kwa vurugu na huamka kwa vurugu. Ndiyo maana tunatanguliza zailazini, dawa ya kumtuliza, tunangoja mpaka kichwa kiiname, ndipo tunamlaza, siku hizi mara nyingi kwa ketamini, dawa nyingine ya usingizi. Sindano ya pili kwenye risiti ni hiyo.

Na kazi ikirefuka, msituambie tuongeze thaiopentali. Anayeamka hajaimaliza dawa. Imehamia kwenye nyama na mafuta. Ukiongeza juu ya kuongeza, inalimbikana, utamngoja mpaka magharibi.

Tuliwahi kuitwa kwa farasi aliyepigwa dawa hiyo na mtunza banda, mwenye mali akikwepa gharama zetu. Sindano ilikosa mshipa wa shingo. Dawa hii ni kali kama magadi, ikimwagika nyamani huila nyama. Shingo ilivimba, ngozi ikafa ikabanduka, tukaosha kidonda wiki baada ya wiki. Bili ya kidonda iliipita mbali ile aliyoikimbia. Sisi hutia mpira mshipani kwanza, tukaujaribu kwa maji ya chumvi, ndipo dawa ipite.

Mkituita, tayarisheni mchanga laini wenye kivuli, si sakafu ya saruji. Uzito msitukisie, tutapima kifua kwa utepe. Na saa za kumlinda akiamka zitabaki kwenye risiti.