Kabla Hujalipa Ada ya Kuchapisha, Lichunguze Jarida

Mteja akituletea mswada wa makala hapa ofisini kwetu Morogoro, swali letu la kwanza huwa ni hili: unaupeleka jarida gani? Wengi hudhani tunauliza ili tujue mtindo wa marejeo. Hilo nalo lipo, ila sababu kubwa ni kwamba hatupendi kumhariria mtu kazi aliyoihangaikia miaka miwili shambani au maabara, tukaipanga ikapendeza, kisha ikaangukia kwenye jarida la kitapeli, linalotaka ada tu bila kuikagua kazi. Huko hakuna atakayeisoma kwa makini, chuo chake hakitaitambua, na ikishachukuliwa hairudi.

Wateja wetu ni wa kila fani. Wapo watafiti wa kilimo na mifugo, wapo wanafunzi wa historia na Kiswahili wenye masimulizi waliyorekodi kwa wazee vijijini, na wapo maofisa rasilimali watu wanaosoma uzamili jioni baada ya kazi, ambao utafiti wao ni wa hukohuko kazini: utoro, motisha, mzigo wa kazi kwa wauguzi. Kazi zao hazifanani hata kidogo. Barua pepe za kitapeli wanazopokea, hizo zinafanana karibu neno kwa neno.

Barua yenyewe huanza kwa sifa. Mwanafunzi wa uzamili anaitwa Profesa Mheshimiwa. Mstari wa pili unataja kichwa cha tasnifu yake, ambacho kimeokotwa kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo, na yeye anaguswa kwa sababu ni mara ya kwanza mtu wa mbali kuitaja kazi yake. Halafu anaambiwa toleo la mwezi huu limebakiza nafasi ya makala moja tu, hata ya kurasa mbili inatosha, na uamuzi utatoka ndani ya siku tatu. Ada haitajwi, au imefichwa mwishoni kabisa. Jina la jarida limebeba kila kitu kwa pamoja: sayansi, uhandisi, sanaa, elimu, biashara na uongozi. Ofisi inasemekana iko London au New York, lakini anayejibu barua anatumia anwani ya bure kama tunayotumia mimi na wewe.

Upana wa jarida peke yake si kosa. PLOS ONE hupokea makala za fani nyingi mno na ni jarida la kweli. Tofauti ni kwamba lina wahariri wa kila fani, majina yao yapo wazi pamoja na vyuo wanakofundisha. Jarida ambalo mhariri wake mmoja anasimamia magonjwa ya kuku, fasihi simulizi na usimamizi wa ofisi, likimbie.

Wanaonaswa si wajinga, na tunasikitika sana tunapowasikia watu wakiwacheka. Vyuo kadhaa vinamtaka mwanafunzi wa uzamivu awe na makala iliyochapishwa au iliyokubaliwa kabla ya kuhitimu. Mhadhiri hapandi cheo bila machapisho. Jarida la kweli huchukua miezi kutoa jibu, pengine zaidi ya nusu mwaka, na jibu lenyewe linaweza kuwa hapana. Mtu ambaye ufadhili wake unaisha mwezi wa sita, akiahidiwa jibu la siku tatu, moyo unamdunda. Matapeli wanaijua haraka hiyo, na ndiyo wanayoiuza.

Ukubwa wa tatizo umeshapimwa. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu kemikali inayotokana na kuvu na mwani waotao pamoja juu ya magome ya miti, kwamba eti inaua seli za saratani. Alitumia majina ya watafiti wasiokuwepo, wa taasisi zisizokuwepo, moja ikisemekana iko Asmara. Ndani yake alipanda makosa ya waziwazi: maelezo yalidai dawa inazidi kufanya kazi kadiri kipimo kinavyoongezwa, ilhali mchoro uleule ulionyesha matokeo hayabadiliki, kipimo kiwe kidogo au kikubwa. Aliituma kwa majarida 304 yanayosomwa bure mtandaoni. Hadi alipotoa taarifa yake kwenye jarida la Science, 157 yalikuwa yameikubali na 98 yameikataa. PLOS ONE ni miongoni mwa yaliyoikataa, na lilikuwa peke yake katika kuhoji masuala ya maadili ya utafiti ule.

Miaka michache baadaye watafiti kutoka Poland walikwenda mbali zaidi. Walimtunga mwanasayansi wa uongo, Anna O. Szust, mwenye wasifu usiotosha hata kidogo kuwa mhariri, wakaomba nafasi ya uhariri kwa jina lake katika majarida 360. Matokeo yalitoka kwenye Nature mwaka 2017. Majarida 48 yalimpa nafasi, na 40 kati ya hayo yalikuwa kwenye orodha ya majarida yanayotiliwa shaka iliyotunzwa na mkutubi Jeffrey Beall wa Marekani. Kwa hiyo ukiona bodi ya wahariri imejaa majina makubwa, usitulie kwanza. Sisi humwandikia mmoja au wawili kati yao kwa anwani ya chuo chake, tukimuuliza kwa adabu kama kweli yumo. Jibu la kwamba hajawahi kulisikia jarida hilo linamaliza mjadala.

Mahakama pia imeshasema. Mwaka 2016 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki kampuni ya OMICS ya Hyderabad, India, na mwezi wa Machi 2019 mahakama ya shirikisho ya Nevada ikaiamuru ilipe zaidi ya dola milioni 50. Mashtaka yenyewe yanafaa kusomwa na kila mtafiti: kudai makala zinapitiwa na wataalamu wakati sivyo, kutumia majina ya watu kama wahariri bila ridhaa yao, kutosema ada mpaka makala imekubaliwa, na kuwazuia waandishi kuondoa kazi zao.

Hili la mwisho ndilo linalotuumiza zaidi. Mteja mmoja, ofisa utumishi aliyefanya utafiti wa msongo wa kazi kwa wahudumu wa afya, alikuja kwetu akiwa ameshaituma makala yake. Alikuwa na barua ya kukubaliwa na ankara ya malipo, vyote vimefika siku moja. Maoni ya mpitiaji, yaani mtaalamu anayeikagua makala kabla haijachapishwa, yalikuwa mistari miwili: makala nzuri, rekebisha lugha kidogo. Alipoomba kuiondoa, akaambiwa alipe ada ya kuiondoa, karibu sawa na ile ya kuichapisha.

Linganisha na mteja mwingine, mtafiti wa ugonjwa wa kideri kwa kuku wa kienyeji. Jarida lake lilimrudishia kurasa kadhaa za maswali baada ya miezi minne. Mpitiaji mmoja alitaka kujua kama damu ya kuku ilichukuliwa kabla au baada ya chanjo ya kijijini, kwa sababu jibu la swali hilo linageuza jedwali zima la matokeo. Mteja alikereka sana. Akarudi kwenye madaftari yake ya shambani, akazitenganisha kaya zilizochanja na zisizochanja, na makala ikatoka ikiwa na hoja nzito kuliko ile aliyoanza nayo. Mpitiaji wa kweli anakusumbua namna hiyo, na usumbufu huo ndio unaolipatia jarida thamani yake.

Tunachunguzaje? Mengi unaweza kuyafanya mwenyewe kwa simu. Jarida likijinadi kuwa limo kwenye Scopus, orodha kubwa ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, fungua ukurasa wa vyanzo wa Scopus, ambao ni bure, uandike jina lake. Usiishie kuona kwamba limo: angalia miaka. Ukikuta limeorodheshwa hadi 2019 tu, huenda limeondolewa, na makala utakayotoa leo haitahesabika huko. Linganisha pia anwani ya tovuti, kwa maana wapo wanaoteka jina na namba ya ISSN ya jarida halali, wakafungua tovuti ya bandia inayofanana nalo. Retraction Watch, tovuti inayofuatilia makala za utafiti zilizobatilishwa, wanatunza orodha ya majarida yaliyotekwa namna hiyo.

Namba ya ISSN isikudanganye. Inalitambulisha jarida kama namba ya usajili inavyolitambulisha gari, haisemi breki zake zikoje. Namba ya DOI, inayotambulisha makala moja moja, vivyo hivyo, ila hii unaweza kuijaribu: chukua moja kutoka kwenye toleo la nyuma, iweke kwenye tovuti ya doi.org, uone kama inafungua makala ileile. Na ile namba ya kupima jarida linavyonukuliwa (impact factor), hutolewa na kampuni ya Clarivate. Zipo kampuni nyingine zinazouza namba zenye majina yanayokaribiana na hiyo, na majarida ya kitapeli huzibandika ukurasa wa mbele.

Kwa majarida ya kusoma bure, angalia orodha ya DOAJ, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003. Baada ya taarifa ya Bohannon waliyataka majarida yote yaombe upya kuingia, na mwaka 2016 wakayaondoa takriban 3,300. Tazama orodha ya leo, usitegemee nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya jarida. Kwa majarida ya Afrika kuna AJOL, shirika lisilo la faida lenye makao Afrika Kusini, linaloyakusanya tangu 1998. Mengi yameshapimwa kwa nyota, kuanzia yasiyo na nyota hadi yenye tatu, kulingana na uendeshaji wake.

Tungependa wateja wetu wayatazame zaidi majarida ya hapa nyumbani. Mwenye kazi ya fasihi au isimu ya Kiswahili ana majarida yaitwayo Kiswahili na Mulika, ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wa afya ana jarida la NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wa kilimo ana la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) hapahapa mjini. Wasomaji wa utafiti wako wa mahindi ya Kilosa wengi wako huku.

Kuhusu ada, tusielewane vibaya. Jarida kudai malipo si dalili ya utapeli, kwa kuwa majarida mengi halali yanayosomwa bure hujiendesha kwa ada za waandishi. Unachotakiwa kuona ni kiasi hicho kimeandikwa wazi kabla hujatuma chochote. Wachapishaji wengi wakubwa pia hufuta au hupunguza ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato kama chetu, lakini mara nyingi lazima uombe wakati unatuma makala. Ukisubiri ikubaliwe, wengi hawakusikilizi tena. Hapa ndipo tumeona watu wakikopa fedha za kulipia kitu ambacho wangekipata kwa nusu bei, au bure.

Na kama umeshatuma? Usilipe, wala usisaini fomu ya kuhamisha hakimiliki. Andika barua pepe fupi ya kuiondoa makala, taja tarehe, tunza nakala, na umweleze msimamizi wako mapema badala ya kujificha. Usiitume makala ileile kwa jarida jingine kimyakimya huku ya kwanza ikining'inia. Mweleze mhariri mpya hali halisi na umwambatishie barua yako ya kuiondoa. Ikiwa imeshatoka kabisa, huwezi kuichapisha tena kama mpya, ila takwimu zako bado ni zako, na zinaweza kuingia katika kazi nyingine yenye uchambuzi zaidi, mradi useme wazi zilishatumika wapi.

Ukaguzi wa jarida tunaufanya bure, hata kama mswada wako hutauhariri kwetu. Tunakupa ukurasa mmoja unaoeleza tulichokikuta na tulikokikuta, uweze kumwonyesha msimamizi wako. Hatupokei kamisheni ya jarida lolote, na hatumwandikii mtu makala wala hatumtafutii jarida la kupita kwa haraka. Kazi yetu ni kuhariri lugha, kupanga marejeo, majedwali na michoro kwa mtindo wa jarida, na kukusaidia kuwajibu wapitiaji hoja kwa hoja.

Ukija, njoo na jina kamili la jarida, kiungo cha tovuti yake, na ile barua pepe waliyokuandikia. Usiifute hata kama imekukera, na usiipige picha ya skrini. Tuletee yenyewe kama ilivyoingia, kwa sababu anwani iliyotumwa nayo ndiyo tunayoanza kuichunguza.