Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni: mimi siokoti makopo

Shikamoo Mama. Najua barua ya ofisini haianzi hivi, inaanza na kumbukumbu namba halafu YAH kwa herufi kubwa, ila mimi nikianza hivo nitaganda kwenye YAH nisiendelee, kwa hiyo naomba nikuandikie kama binti anavyomwandikia mama yake.

Mimi ni msanii, niko Sakina hapa Arusha, na kazi yangu ni ile ya kuchanganya vitu. Wengine wanaiita sanaa mseto, sisi pale yadi tunakofanyia kazi tunasema miksi tu. Yaani nachukua hadibodi, nabandika gunia la kahawa kwa gundi ya mbao, juu yake vinakuja vipande vya kitenge kutoka kwa mafundi cherehani, gazeti, shanga, waya wa kopa, vifuniko vya soda, ndala zilizokatika, halafu ndio rangi, na mara nyingi rangi yenyewe ni kidogo sana. Kutu naitengeneza mwenyewe. Bati kuukuu nalimwagia siki na chumvi, nalifunika na gazeti lililolowa, naliacha siku mbili, ukilibandua lile gazeti unakuta limechora ramani ya kahawia ambayo hakuna kopo la rangi dukani linaweza kukupa. Mpaka leo nikifunua gazeti moyo unadunda kama mtoto anafungua zawadi.

Sasa ukiwa na kazi kama hii Mama, asubuhi yako inaanzia kwenye vitu vya watu walivyotupa. Saa kumi na mbili na nusu niko soko la Kilombero kabla wafagiaji hawajamaliza, Jumamosi napanda hiace mpaka Tengeru, katikati ya wiki nakaa na vijana wa skrepa kule Unga Limited tunabishana bei ya kilo. Mafundi wananiita dada matambara. Mama yangu mzazi, mtu wa Kibosho kule Moshi, alikuja kunitembelea mwaka wa kwanza akanikuta nimeinama kwenye mtaro natoa vifuniko vya soda, akakaa chini pale pale akashika kichwa, mwanangu ameanza kuokota makopo. Ilinichukua siku nzima kumtuliza. Siku hizi kila basi la Moshi linaniletea mfuko, sufuria zilizotoboka, vijiko, zipu, hata meno ya kitana, na ananipigia kabisa kuuliza kama ile sufuria ya bluu nimeshaitumia.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Wewe unajua baridi yetu ya Juni na Julai, ukungu unashuka kutoka mlima Meru mpaka saa nne hujaona jua. Gundi ya mbao haipendi baridi. Ikikauka kwenye baridi kali haiwi ile ngumu inayoangaza, inakuwa nyeupe kama chaki, ukiikwaruza na kucha inatoka unga, na kitenge kinabanduka chote kama ngozi ya mtu aliyeungua. Na shida ni kwamba Juni ndio wageni wanaanza kuja, masika yote tumekaa hatuuzi kitu, kwa hiyo mwezi ambao mteja anakuja ndio mwezi ambao gundi inagoma. Sasa tunafanyaje, jua likitoka kidogo tu tunatoa kazi zote nje tunaziegemeza kwenye uzio upande wa barabarani, maana ndani ya yadi kuna kivuli cha gereji siku nzima.

Basi Juni iliyopita nilikuwa na kazi nne pale kwenye uzio, miezi mitatu ya mikono yangu. Nikaenda kununua chai na chapati. Kurudi hamna kitu. Jirani anauza mkaa akaniambia gari la taka limepita, vijana wamepakia vyote fasta fasta, hata akawauliza hivi ni vya nani wakamjibu bibi si unaona ni takataka.

Sikulia, nilipanda bodaboda mpaka dampo Muriet. Hujawahi kuona mtu na aproni ya rangi anakimbiza lori la taka mjini nadhani, watu walishangilia kabisa. Nilikuta kazi moja imebaki nzima, mbili zimevunjika katikati, na ya nne ilikuwa chini ya maganda ya ndizi, hadibodi imelowa imevimba kama mkate kwenye chai. Halafu sikia hii. Waya wote wa kopa ulishang'olewa. Kijana aliyeung'oa namfahamu, ni yule yule aliyeniuzia wiki mbili kabla, akacheka akasema dada nilijua nimeuona mahali huu. Nikaununua tena. Bei ile ile, hata mia hakupunguza.

Siwalaumu wale vijana wa gari Mama, kiukweli kabisa. Wao wameambiwa kilicho nje ya uzio kipakiwe, na mtu hajawahi kufundishwa mahali popote kwamba gunia lenye kutu na zipu linaweza kuwa kazi ya mtu. Ila nilipochukua ile moja iliyopona nikaipeleka kwenye maonyesho fulani hapa mjini, siyataji, nikapewa fomu. Fomu ina vyumba vya kuweka tiki, uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, ususi. Nikauliza mimi niweke wapi, nikaambiwa chagua kimoja. Nikachagua uchongaji kwa sababu kuna vyuma. Alipofika bwana wa kukagua akaizunguka mara mbili akaniuliza, sasa hapa umechonga nini? Sikuwa na jibu, ikatolewa, ikawekwa nyuma ya jukwaa karibu na meza ya soda. Na hapo ndio watu wengi walipoiona, tusidanganyane, ila bado imeniuma.

Kuna mzee wa Kighana anaitwa El Anatsui, ameishi na kufundisha miaka mingi Nsukka kule Nigeria, yeye anachukua vifuniko vya chupa za pombe anaviponda anaviunga kwa waya wa kopa vinakuwa mashuka makubwa kama mawimbi. Mwaka 2023 yalining'inia kwenye ule ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London. Vifuniko, Mama. Na hapa kwetu Edward Saidi Tingatinga alianza na hadibodi na rangi ya kupaka baiskeli, leo kila duka la zawadi kuanzia Mnara wa Saa kushuka huko lina twiga wake. Sisemi mimi ni hao. Nasema vitu vyao na vyangu vinatoka jalala moja.

Kwa hiyo naomba vitu viwili na havina bajeti, najua neno bajeti linachosha. Cha kwanza kwenye hizo fomu, zozote zinazopita mezani kwako, ongeza chumba kimoja kiandikwe sanaa mseto. Mstari mmoja tu. Cha pili tuandikie barua fupi, aya moja inatosha, kwamba yadi ile ni ya wasanii na vitu vilivyo pale ni mali na kazi zao hata kama vinaonekana vipi, halafu ugonge muhuri. Mimi kibali changu cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ninacho na nimekilaminisha, lakini kibali kinasema mimi ni nani, hakisemi lile gunia ni nini. Hiyo barua tutaifunga kwenye uzio ndani ya nailoni isilowe. Muhuri una nguvu sana mtaani, wewe labda umeuzoea ndio maana huoni.

Tuko sita pale. Kuna mzee Mmakonde anachonga mpingo, kuna mama wawili wa shanga kutoka Monduli wanaonicheka kwa sababu nashona shanga kinyume, kuna chalii wa kuchomelea na mwingine anachora mabango ya saluni ili alipe kodi. AFCON 2027 hiyo inakuja, uwanja unajengwa hapa hapa kwetu, wageni watataka kitu cha kubeba ambacho hakifanani na cha kila duka, na duka tunalopeleka kazi kwa sasa linakula nusu ya bei, ila hayo ni ya siku nyingine.

Karibu uje uone mwenyewe, hatutapika pilau wala kufunga maturubai, ni chai ya rangi na kile kiti chetu kimoja chenye miguu yote minne. Ile hadibodi iliyovimba sikuitupa, nimeifanyia kitu. Njoo siku yoyote kuanzia saa tano jua likishatoka, ukifika ulizia yadi ya makopo wanaijua wote. Ila isiwe Jumanne Mama, Jumanne gari la taka linapita na tunakuwa wote tumesimama nje tunalinda uzio.