Wanafunzi wa fizikia wachore kabla ya kukokotoa

KWAKO MHARIRI,

Mwanafunzi akilemewa na maswali ya nguvu na mwendo, huambiwa afanye maswali mengi zaidi. Hata akifanya mia, kama kila moja analianza kwa kusaka fomula, kosa ni lile lile.

Chukua mfuko wa saruji wa kilo 50 unaovutwa kwa kamba juu ya ubao, kutoka jahazini hadi gatini hapa Lamu. Maji yamekupwa, ubao umeinuka nyuzi 30. Chora mfuko peke yake. Kila nguvu iwe mshale. Mishale ni minne tu: uzito wa N (newtoni) 500 kwenda chini wima (N 10 kwa kila kilo), ubao unaousukuma mfuko kwa pembemraba, kamba, na msuguano unaopinga mwendo. Sasa ugawe uzito: unaoteremka na ubao ni 500 × saini 30, yaani N 250; unaokandamiza ubao ni 500 × kosaini 30, karibu N 433.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kipimo cha msuguano, yaani namba ya kuzidisha nguvu inayokandamiza ubao ili kupata msuguano, kikiwa 0.4, wao huzidisha kwa 500 wakapata N 200. Lakini ubao haukandamizwi na uzito wote! Msuguano ni 0.4 × 433, karibu N 173, na mfuko ukipanda kwa kasi isiyobadilika kamba inavuta N 423. Wengine huongeza mshale wa tano, "nguvu ya mwendo". Ufutwe. Mshale usio na kitu kinachosukuma au kuvuta haupo.

Anayechanganya saini na kosaini aulaze ubao: kwa nyuzi 0 hakuna kuteremka, na saini ya 0 ni 0; basi sehemu ya kuteremka ndiyo ya saini.

Kisha swali lilo hilo ligeuzwe. Mfuko ukiteremshwa kwa kasi isiyobadilika, msuguano unaelekea juu, na hamali anazuia N 77 tu. Maji yakijaa, ubao ukabaki nyuzi 15, sehemu ya kuteremka ni N 129 na msuguano N 193: mfuko hauendi bila kusukumwa kwa N 64. Mpaka kati ya mfuko wa kuzuiwa na wa kusukumwa ni karibu nyuzi 22, ambako tanjenti ni 0.4. Mwanafunzi autafute mwenyewe.

Walimu wenzetu, tunawasihi: swali moja kama hili, likigeuzwa mara tatu, litoshe kwa kipindi kizima, na jibu sahihi lisilo na mchoro lisipewe alama zote.

Walimu wa fizikia,
Lamu