Abraham Toro hakuokotwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu mwandishi wenu wa michezo. Wiki iliyopita aliandika mistari minne, nimeihesabu, kuhusu klabu ya besiboli ya Boston Red Sox kumsajili Nathaniel Lowe na papo hapo kumweka kando Abraham Toro. Huyo Toro akamwita "mchezaji wa kuokoteza". Kisha akauliza kwa kejeli iweje klabu tajiri kama ile imtoe mtu ligi ndogo aje kusimama besi ya kwanza, kana kwamba Gor Mahia wamekwenda kumchukua kijana wa mtaani siku ya debi.

Mimi si mwandishi. Ni mama wa miaka 56, mzaliwa wa Likoni, na huu ni mwaka wangu wa 16 hapa Worcester, jimbo la Massachusetts, ambako kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kulea wazee. Lakini huyo Toro mimi nilimwona mwezi wa nne, kabla Boston hawajamwita. Timu yao ya akiba inayocheza ligi ndogo, Worcester Red Sox, iko hapa hapa mjini. Uwanja wao, Polar Park, si mbali na stesheni ya treni, na ulifunguliwa 2021 baada ya timu kuhama kutoka Pawtucket. Siku hiyo baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nilikaa na blanketi na kikombe cha chai niliyouziwa bila maziwa wala tangawizi, nikamtazama akirushiwa mipira ya mazoezi, mmoja baada ya mwingine, na watu uwanjani bado hawajajaa hata robo.

Nieleze kwanza besi ya kwanza ni nini, maana naona hapo ndipo mwandishi wenu alipoteleza. Waliocheza raunda shuleni watanielewa upesi. Unapiga mpira kwa gongo (la mbao, si lile la kunywa), unatupa gongo, unakimbia mpaka kituo cha kwanza, mita 27 na kitu. Wapinzani nao wanauokota mpira na kumrushia mwenzao aliyesimama kwenye kituo hicho. Mpira ukifika kwake kabla yako naye mguu wake umegusa kituo, umetoka. Basi huyo ndiye mlinzi wa besi ya kwanza, na karibu kila mpira unaotambaa chini huishia mikononi mwake.

Aliyenifundisha haya ni mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia zamu za usiku, sasa ni marehemu. Alikuwa na redio ndogo kando ya mto, na Red Sox wakicheza huko magharibi mechi huendelea mpaka saa saba za usiku. Nilimwambia siku moja kwamba naona yule wa besi ya kwanza hana kazi, amesimama tu anapokea. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia nibandike kisigino changu kwenye mguu wa kitanda, ninyooshe mkono wa kushoto, nisibanduke. Akachukua soksi zake, akazikunja zikawa donge, akanirushia. La kwanza nikadaka. La pili akalirusha fupi makusudi, likaanguka mbele yangu. Nikajinyoosha, kisigino kikaachia. "Amesalimika," akasema, akimaanisha mkimbiaji. La tatu akalipeleka upande wa mlango, nikabanduka tena. Tulicheza hivyo soksi kumi na moja. Nilidaka nne.

Hapo nikajua. Anayerusha anaweza kukosea, akarusha juu, chini, pembeni, na makosa yake yote yanageuka kazi ya mtu mmoja. Hata glavu yake si kama za wengine: ndefu, pana, haina vidole, mfano wa kibao cha kuchotea. Ni kweli wenye mchezo wao huihesabu nafasi hiyo kuwa nyepesi kuliko nyingine za ndani, ndiyo maana huwaweka pale majitu yenye nguvu za kupiga ambayo miguu imeanza kuzeeka. Lakini nyepesi kwa aliyeizoea. Asiyeizoea huonekana tangu mpira wa kwanza.

Sasa turudi Boston, mwaka 2025. Mwenye nafasi alikuwa Triston Casas, kijana mkubwa wa mwili. Tarehe 2 Mei, wakicheza na Minnesota nyumbani Fenway Park, alipiga mpira wa kutambaa, akakimbia kwenda hiyo besi ya kwanza, goti la kushoto likamkatikia njiani. Ukano wa kilegesambwa. Msimu wake ukaishia pale kwenye mchanga, akatolewa kwa machela. Na haikuwa mara ya kwanza: Aprili 2024 aliumia mbavu kwa kuzungusha gongo tu, klabu ikakimbia huku na huku. Wakamnunua Garrett Cooper kutoka Chicago Cubs, ambao wao walikuwa wamemchukua kwa mkataba wa ligi ndogo, na siku chache baadaye wakamsajili Dominic Smith. Ungedhani mtu aliyeungua mdomo na uji atapuliza mara ya pili.

Waliyekuwa naye ni Rafael Devers, mpigaji wa hali ya juu, mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 313.5. Majira ya kuchipua walikuwa wamemtoa besi ya tatu, nafasi yake ya miaka yote, kwa sababu wamemleta Alex Bregman. Wakamwambia wewe kazi yako sasa ni kupiga tu. Casas alipoumia wakamrudia: hebu shika glavu, nenda besi ya kwanza. Devers akakataa, tena mbele ya waandishi. Wengi hapa walimtukana. Mimi sikumtukana sana. Mtu ukimwambia aiweke glavu yake kabatini, halafu baada ya wiki chache umwambie aitoe nyingine, ana haki ya kukuuliza kama unajua unachokitaka. Tarehe 15 Juni wakamuuza San Francisco Giants. Na kichekesho, ikiwa ni kichekesho, ni kwamba huko San Francisco mwezi wa saba alisimama besi ya kwanza.

Nani basi alikuwa anaishika nafasi hiyo Boston wakati matajiri wakizozana? Romy González, na Abraham Toro. Huyu "wa kuokoteza".

Toro alisajiliwa kabla ya msimu huo kwa mkataba wa ligi ndogo. Maana yake klabu haimwingizi katika orodha yake ya watu 40, wala katika kikosi cha watu 26 kinachovaa jezi kila siku. Anaitwa mazoezini Florida, anatazamwa, kisha anapelekwa Worcester kungoja. Anangoja nini? Anangoja mwenzake aumie. Hakuna namna nyingine nzuri ya kulisema. Wala hakuwa mtu wa besi ya kwanza kwa asili, ni mtu wa besi ya tatu na ya pili aliyejifunza na hii, kwa sababu mwenye kungoja hachagui mlango upi utafunguka. Ameshapita Houston, Seattle, Milwaukee na Oakland. Julai 2021 Houston walikuwa Seattle. Akapiga mpira ukavuka ukuta akiwa na Houston, kesho yake wakambadilisha kwa wapinzani wale wale, akavaa jezi ya Seattle na jioni hiyo hiyo akavusha ukuta mwingine, dhidi ya watu aliokula nao chakula cha mchana jana. Mtu huyo si wa kuokotwa njiani.

Alipoitwa Boston alicheza mechi zaidi ya 70. Hakuwa moto. Hakuwa maji. Alidaka alichorushiwa, alipiga mara nyingine na mara nyingine hakupiga, na timu haikuzama. Agosti, Washington walipomwacha Lowe, ambaye ana pete ya ubingwa ya 2023 alioupata na Texas, Boston wakamchukua na nafasi ya Toro ikaondoka. Ndio mchezo. Sikuandika barua hii kumlilia. Naandika kwa sababu ya lile neno.

Ninalijua neno hilo kwa sababu nami nimewahi kuitwa hivyo. Miaka mitatu ya mwanzo hapa nilikuwa mfanyakazi wa kuitwa. Sikuwa na zamu yangu. Nilikuwa na simu. Nguo za kazi nimezining'iniza kwenye kiti, viatu vimekaa karibu na mlango vikiangalia nje, na kwenye friji bakuli la wali na maharagwe lililokwisha fungwa. Simu ikilia saa kumi na nusu alfajiri ujue kuna mtu amelala na homa au theluji imemzuia. Unafika hujui chumba kipi kina nani, nani anataka chai kabla ya dawa, nani ukimgeuza upande wa kulia anapiga kelele za nyonga. Siku moja msimamizi wa mahali fulani, sitapataja, akamwambia mwenzake nikiwa nimesimama pale pale na mkokoteni wa mashuka, "Tumepata mtu wa kuokoteza leo." Aliyasema kwa Kiingereza chao lakini nilimsikia. Asubuhi hiyo nilikuwa na wazee 11, nikawaosha wote.

Marehemu baba naye alikuwa kibarua Kilindini, katika wale wanaosimama langoni alfajiri wakisubiri jina liitwe. Siku asiyoitwa alirudi nyumbani kwa feri akiwa na gazeti. Ndiyo sababu nasoma magazeti.

Ngoja niseme na pesa, maana mwandishi wenu aligusia utajiri. Mpaka 2022 mchezaji wa Triple-A, ngazi ya juu ya ligi ndogo, angeweza kulipwa dola 17,500 kwa mwaka. Nilikuwa nampita mimi. Mwaka huo wachezaji wa ligi ndogo wakaingia chama cha wafanyakazi, chama kile kile cha wakubwa, na Machi 2023 wakasaini mkataba wao wa kwanza wa pamoja. Kima cha chini cha Triple-A kikawa dola 35,800. Waliokwisha kucheza juu, kama Toro, hujadiliana wapate zaidi. Lakini ukipanda Ligi Kuu, kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, kinachogawanywa kwa siku utakazokaa. Yaani kila siku aliyoamka Boston badala ya Worcester ilikuwa zaidi ya dola 4,000. Ni safari ya saa moja kwa gari, barabara ikiwa haijasongamana. Mwandishi wenu akiwa amesimama mahali hapo, na mkoba umefungwa, angejiita wa kuokoteza?

Mzee wangu wa soksi alipenda kusimulia habari za Wally Pipp. Huyu alikuwa besi ya kwanza ya New York Yankees. Tarehe 2 Juni 1925 hakupangwa. Wapo wasemao aliumwa kichwa akaomba apumzike, wapo wasemao timu ilikuwa ikipoteza na kocha akataka kubadilisha. Aliyeingia ni Lou Gehrig, kijana wa benchi. Gehrig akacheza mechi 2,130 bila kukosa hata moja, mpaka 1939 ugonjwa ulipomshika. Watu wote husimulia kisa hicho kwa ajili ya Gehrig. Mzee alikisimulia kwa ajili ya Pipp, na kila mara alifika pale pale: "Alikuwa mchezaji mzuri, yule."

Najua mtaniambia wasomaji wa huko hawana habari na besiboli. Si wote. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walifika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, timu ya kwanza kutoka Afrika. Na Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh 2008, akasota ligi ndogo mpaka Aprili 2017 ndipo akaitwa, Mwafrika wa kwanza kucheza Ligi Kuu. Mara yake ya kwanza kabisa kuingia kupiga, akaupiga mpira, akafika besi. Karibu miaka tisa ya kungoja simu.

Ombi langu ni dogo. Mkipata tena habari ya namna hii, ya klabu kumchukua mtu wa ligi ndogo wa kuongeza kikosi, msiitupe na msiibeze. Na msiandike "kuongeza kina", kama mlivyofanya mwezi wa tano, nikadhani wanachimba kisima. Andikeni mchezaji wa akiba. Kila anayeweka unga wa kesho anajua akiba ni nini.

Na jingine: mliandika Toro ni mzaliwa wa Venezuela. Wazazi wake ndio wa Venezuela. Yeye kazaliwa Longueuil, Quebec, nchini Kanada.

Msomaji wenu wa Likoni,
Worcester, Massachusetts