Nabwire mwanangu, babu yako hakuzaliwa Tororo

Nabwire mwanangu,

Habari za Kampala? Huku Busia tuko wazima, mvua inapiga mpaka tope limefika mlangoni, mama yako anakusalimu na anauliza zile sufuria zake utarudisha lini.

Haya, nije kwenye swali lako. Ile siku ulinipigia simu sauti inatetemeka, uko kwenye foleni ya pasipoti, afisa amekuuliza babu mzaa baba alizaliwa wapi, ukasema Tororo, akauliza Tororo ipi, saza gani, kijiji gani, ukakwama. Na mimi kwenye simu nikakwambia "we sema tu Tororo," nikakata. Nilikata kwa sababu sikujua. Tangu niko shule najaza Tororo kwenye kila fomu kwa vile mzee wangu alijaza Tororo, na enzi zetu mtoto hakai kumhoji baba yake mambo ya fomu. Nikaona aibu. Mzee mzima na mvi zangu, kaburi la baba liko hapo nyuma ya migomba na sijui alizaliwa wapi.

Kwa hiyo miezi hii yote ukinipigia na sishiki ndio nilikuwa nazunguka, mama yako alidhani nimepata mwanamke.

Nilianza vibaya. Nilikimbilia karatasi kabla ya watu. Nikapanda teksi mpaka Wandegeya kwenye jengo la nyaraka za taifa, zile nyaraka zamani zilikuwa Entebbe, nikaomba faili za Busia za zamani. Kijana wa pale akacheka kwa adabu, akasema mzee, Busia imekuwa wilaya 1997, kabla ya hapo ilikuwa ndani ya Tororo, na nyuma zaidi yote hiyo ilikuwa Bukedi, sasa unataka mwaka gani? Nikabaki nimeduwaa. Mwaka wenyewe sijui! Lakini hilo ndilo somo nililopata pale, kwamba karatasi inakaa chini ya jina la serikali iliyoiandika, haijali leo mnapaitaje. Ukitaka mtu wa Samia-Bugwe, yaani huku kwetu, wa miaka ya 30 usitafute Busia, tafuta Bukedi. Na ujue Kiluganda kidogo, maana mfumo wa saza na gombolola na muluka, yaani ngazi za utawala kuanzia kaunti kushuka chini, huku kwetu uliletwa na yule jemadari Semei Kakungulu na Waganda wake, na wao waliandika kwa lugha yao.

Nikasoma siku mbili. Pamba, ng'ombe, barabara, chifu huyu anamshtaki chifu yule. Mtu wa kawaida kama babu yako anaingia kwenye faili akikosa tu, hajalipa kodi, amepigana, amekamatwa na pombe. Wetu inaonekana walikuwa wapole, au walikuwa wanajua kukimbia. Na vitabu vya kodi vya gombolola yetu wazee wanasema viliungua kwenye ile ghasia ya Januari 1960, watu wa Bukedi walipochoka na makadirio ya kodi wakawavamia machifu majumbani. Siwalaumu sana, lakini wangeacha hata kitabu kimoja bana.

Nimerudi nyumbani mikono mitupu ndio mama yako akaniuliza, kwani kwa shangazi yako Lumino umeenda? Yule unayemwita nyanya. Mdogo wake babu yako yuko hai, dakika arobaini na boda, na mimi niko Kampala nasoma barua za ng'ombe.

Nikaenda na sukari kilo mbili na sabuni. Nyanya yako hajui mwaka wowote, usimuulize mwaka, atakasirika. Yeye anahesabu kwa mambo. Yeye mwenyewe alizaliwa nzige walipokuja, hiyo ni kama 1931 hivi. Babu yako alizaliwa wakati wa njaa, na hapo nikajipiga paji la uso, maana jina lake la nyumbani lilikuwa Wanjala! Sisi tunaita watu kwa yaliyotokea, wewe Nabwire ulikuja usiku, Wafula ni wa mvua, Mugeni alikuta wageni nyumbani, na Wanjala ni wa njaa, miaka yote nimebeba hiyo habari mdomoni sijaisikia. Njaa kubwa ya huku ilikuwa 1918 na 1919, vita ya Wajerumani inaisha. Na shangazi akaongeza kwamba baba yake Wanjala alichukuliwa kariakoo, kubeba mizigo ya jeshi, akarudi amebaki mifupa, akafa kabla mtoto hajatembea. Mama akakaa kule kwa wakwe miaka kadhaa, baadaye akavuka na mtoto akaja kuolewa huku, ndio shangazi akazaliwa kwa baba mwingine.

Nikamuuliza akavuka nini. Akanitazama kama mjinga. "Sio. Mto Sio. Kwani baba yako hakukwambia ni mtu wa ng'ambo?"

Hakuniambia. Na sababu anaijua yeye. 1970 serikali ya Obote ilifukuza wafanyakazi Wakenya, na hapa Busia watu walikuwa wanaangaliana, huyu ni wa wapi, yule ni wa wapi. Babu yako alikuwa na kazi, ana watoto, ana shamba. Kuanzia mwaka huo akawa amezaliwa Tororo. Alisema hivyo mpaka anaingia kaburini, na mimi nikaja kuurithi huo uongo nikaupeleka mpaka kwenye foleni yako ya pasipoti. Nisamehe.

Lakini maneno ya nyanya ofisini hayatoshi, nikawaza kanisa. Babu yako alikuwa Mkatoliki, na mapadri wa Mill Hill, waliokuja Uganda 1895, walikuwa wanahudumia mashariki yetu pamoja na Kavirondo ya upande wa Kenya, yote vikarieti moja, yaani kama jimbo moja la kanisa, ya Nile ya Juu, mpaka Kavirondo ilipotengwa 1925. Yaani kanisa halikuona mpaka pale serikali ilipoona. Nikavuka, parokia mbili sikupata kitu, ya tatu katekista mmoja mzee akanifungulia kabati.

Mwanangu, ungeona kile kitabu. Kimeandikwa Kilatini, karatasi rangi ya chai. Nilitafuta Wanjala sikuona, maana nilikuwa nasoma kwa macho ya leo. Mzungu anaandika anavyosikia, wengi wa wale mapadri walikuwa Waholanzi, basi tukaanza kusoma kwa sauti, mimi na katekista, kila jina, mpaka tukafika "Josephus Wanjara," 1923, umri kama miaka minne, jina la mama sawa kabisa na la shangazi alilonipa, baba "defunctus," katekista akasema hiyo ni marehemu. Nilikaa chini.

Na sikiliza hii, ndio utamu wenyewe. Ukipata mtu kwenye kitabu cha ubatizo usifunge kitabu, angalia pembeni mwa ukurasa. Sheria ya Wakatoliki mtu akifunga ndoa mahali popote parokia ya ndoa inatuma habari kule alikobatizwa na wanaandika pembeni. Pale pembeni kwa wino mwingine, 1946, na jina la parokia ya huku kwetu Uganda. Nikarudi huku, nikafungua kitabu cha ndoa, na kwenye mashahidi kuna jina la mwanaume ambaye hakuna mtu nyumbani anamjua. Shangazi nilipomtajia alinyamaza muda mrefu halafu akasema, "Huyo ni kaka yake. Alibaki." Watoto wake wako Funyula. Nimeshaongea na mmoja kwa simu, ana sauti ya babu yako, nakwambia nywele zilisimama.

Nilipitia na Kakamega, wana nyaraka za mkoa ule wa zamani, sikupata kitu cha familia, nauli imeenda bure ila nilikula samaki mzuri.

Sasa jibu la afisa wako. Babu yako alizaliwa ng'ambo ya Sio, karibu 1919, na nchi ile wakati huo hata Kenya haikuitwa, jina la koloni la Kenya limekuja 1920. Na baba yake, yule wa kariakoo, alikuwa mtu wa Uganda bila kutoka nyumbani kwake, kwa sababu mpaka 1902 kule kote mpaka Kisumu na kupita, karibu na Naivasha, kulikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Reli ilipofika Kisumu 1901 Waingereza wakataka yote iwe chini ya utawala mmoja, wakamega nchi wakapeleka upande wa pili, halafu reli ikaendelea kuitwa ya Uganda. Kichekesho.

Usiogope lakini. Katiba ya 1995 inauliza kama wewe umezaliwa Uganda na mzazi au babu yako ni wa kabila lililokuwepo ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Basamia, yaani sisi, wamo kwenye orodha, na walikuwa hapa muda mrefu kabla ya hiyo tarehe. Sasa fikiria, mzee amejificha kwa jina la Tororo zaidi ya miaka thelathini, na sheria iliyokuja baadaye ingewakubali watoto na wajukuu wake hata bila huo uongo. Mimi hilo linanisumbua usiku, sikufichi.

Kwa hiyo nimekuwekea kopi ya ubatizo na ya ndoa, zote zina mhuri wa parokia, kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Usiweke kwenye kaveera ya plastiki, zinashika unyevu. Maneno ya nyanya nimerekodi kwenye simu lakini kuna sehemu anaimba na sielewi maneno, Kisamia cha zamani sana, na simu yangu imejaa, njoo uhamishe kwenye kompyuta yako kabla sijafuta kitu kwa bahati mbaya.

Njoo Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi tunaenda Lumino, halafu tunavuka na nyanya mpaka Funyula, amekubali, amesema atavaa ile gomesi ya bluu. Leta sukari. Na sufuria.

Baba yako